Tangi la Lita 20 Linamfaa Samaki Gani?

Kila mara mtu anaponieleza kwamba amepata tangi dogo la kioo na sasa anatafuta samaki wa kuweka ndani yake, swali langu la kwanza halihusu rangi anazozipenda wala idadi anayoitaka, bali vipimo vya tangi lenyewe: urefu, upana na kimo. Tangi lenye urefu wa sentimita 40, upana wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 25 huitwa la lita 25, na hesabu hiyo ni sahihi likiwa tupu. Likitandikwa changarawe ya sentimita 4, na maji yakaishia sentimita 3 chini ya ukingo, kinachobaki ni lita 18 na ushei, kabla hata ya kuweka jiwe au kipande cha gogo. Samaki ataishi katika hizo 18, wala si katika zile 25 zilizoandikwa kwenye boksi, na uteuzi wote unaofuata hauna budi kuanzia hapo.

Ninazungumzia matangi ya maji yasiyo na chumvi yenye ujazo wa kati ya lita 10 na 40, yale ambayo wanaoanza huyanunua kwa kuwa yanakaa vizuri juu ya meza na hayatishi. Msimamo wangu niuseme mapema ili asiyeukubali asipoteze muda wake: tangi la ukubwa huo ni makazi ya aina moja ya samaki. Si aina tatu, wala si mmoja mmoja wa kila rangi iliyovutia dukani. Anayelikubali sharti hilo hubaki na uwanja mpana wa kuchagua, na tangi lake hupendeza kuliko la yule aliyechanganya, kwa sababu samaki waliotulia huonyesha rangi na tabia ambazo samaki wenye hofu huzificha.

Wengi hudhani kwamba udogo wa tangi ni unafuu kwa mtu anayejifunza, na hapo ndipo matatizo yao yanapoanzia. Samaki hutoa amonia mfululizo, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yaliyodondoka chini huoza na kuongeza amonia hiyo hiyo. Kijiko cha chumvi ndani ya kikombe hakina ukali sawa na kijiko hicho hicho ndani ya pipa, na amonia nayo ni vivyo hivyo: kosa dogo la ulishaji ambalo tangi la lita 200 halitalihisi linaweza kuwaua samaki wote katika lita 15 kwa usiku mmoja. Joto nalo hupanda na kushuka upesi katika maji machache, na maji yanayopotea kwa kuvukiza huwa sehemu kubwa zaidi ya maji yote. Kwa hiyo samaki tunayemtafuta ni yule anayetoa uchafu kidogo, asiyehitaji nafasi kubwa ya kuogelea, na anayeweza kuishi maisha yake yote, mpaka uzee, ndani ya ujazo huo.

Kabla ya samaki yeyote kuingia, tangi linahitaji bakteria. Wale wa jenasi ya Nitrosomonas huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine, hasa wa jenasi ya Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuistahimili kwa kiasi na ambayo sisi huipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa hasa kwenye sponji ya chujio na juu ya changarawe, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, huku chujio likifanya kazi usiku na mchana na tangi likipewa amonia kidogo au chembe za chakula ili wapate riziki. Tangi liko tayari pale vipimo vya amonia na nitriti vinaposoma sifuri ilhali amonia inaendelea kutiwa. Maji kuwa meupe na angavu hayathibitishi chochote, maana amonia haina rangi. Sitalirefusha jambo hili, ila anayeliruka asitarajie kwamba ustadi wa kuchagua samaki utamwokoa.

Ipo kanuni ya zamani inayosema kwamba kila lita moja ya maji inatosha sentimita moja ya samaki. Inavutia kwa urahisi wake, lakini haina msingi imara, kwa kuwa samaki hakui kwa urefu peke yake. Hunenepa na kupanuka pia. Samaki wa sentimita 10 ana urefu mara 4 wa yule wa sentimita 2.5, ilhali uzito wake, akiwa na umbo lile lile, hukaribia mara 64. Kwa kanuni hiyo, samaki mmoja wa kwanza angekuwa sawa na wanne wa pili, jambo ambalo hata chujio lingelikataa kama lingekuwa na mdomo. Kanuni hiyo pia haijui lolote kuhusu mwendo. Danio rerio, yule samaki mwembamba mwenye milia ya buluu anayeuzwa karibu kila mahali, hafiki hata sentimita 5, lakini ni mkimbiaji asiyetulia, na katika tangi la urefu wa sentimita 40 huishia kugeuka kila baada ya mapigo machache ya mkia. Namkubali kuwa samaki mzuri kwa anayeanza, mradi tangi liwe na urefu wa sentimita 60 au zaidi. Beta, samaki nitakayemweleza hapa chini, ambaye ni mkubwa kumzidi, hutulia katika nusu ya nafasi hiyo.

Samaki wa dhahabu ndiye anayeombwa zaidi na ndiye ninayemkatalia kila mtu. Carassius auratus wa kawaida, mwenye mkia mmoja, hupita sentimita 20 akitunzwa vizuri, na hata wale wa duara wenye mikia miwili hukaribia sentimita 15 au kuzidi. Wote ni walaji hodari wanaochafua maji kwa kasi. Bakuli la kioo ambamo tumezoea kumwona linaonyesha anavyochorwa tu, wala si mahali anapostahili kuishi. Husemwa kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa chombo chake, na anayesema hivyo huwa amewaona waliobaki wadogo kwa miezi mingi. Huko ni kudumaa kunakosababishwa na maji mabaya na msongo, na samaki aliyedumaa kwa kawaida hafiki mbali. Nchini Uingereza samaki wa dhahabu aliyeitwa Tish, aliyepatikana kama zawadi katika maonyesho ya burudani mwaka 1956, alikufa mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 43. Umri huo ni wa kipekee, lakini miaka 10 hadi 20 ni jambo la kawaida kwa samaki huyu, hivyo anayemfia mtu baada ya wiki sita hakufa kwa uzee.

Kundi la pili la kuepukwa ni la wale wanaouzwa kwa sifa ya kuwa wasafishaji. Muuzaji humwonyesha mteja samaki wa kahawia mwenye mdomo wa kunyonya, urefu wa sentimita 5, amejibandika kwenye kioo kwa unyenyekevu, na kumwambia kwamba huyu atakula uchafu wote. Huyo huwa mara nyingi ni pleko wa familia ya Loricariidae, na aina ya kawaida hupita sentimita 30. Hata akibaki mdogo, hakuna samaki anayepunguza uchafu wa tangi: anachokila hukitoa, na kinyesi cha pleko ni kingi kupita kiasi. Ndugu zake wadogo wa jenasi ya Otocinclus hawazidi sana sentimita 4 na ni wapole, ila wanahitaji kuwa kundi na wanahitaji tangi lililokomaa lenye utando wa mwani, vinginevyo hufa njaa kimyakimya huku tumbo likibonyea. Kwa tangi jipya la lita 20 msafishaji anayefaa ni konokono, pamoja na mkono wa mwenye tangi.

Sasa nimtaje anayefaa kuliko wote kwa lita 18 hadi 25 za maji halisi, yaani beta, Betta splendens, akiwa peke yake. Asili yake ni maji ya kina kifupi ya Asia ya Kusini-Mashariki, na Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa taifa wa majini mwaka 2019. Ana kiungo cha ziada cha kupumulia kilicho juu ya matamvua, kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji, na ndiyo maana huweza kuvumilia maji yenye oksijeni kidogo ambayo yangewaua wengine. Uwezo huo umemponza. Kwa kuwa hafi haraka, huuzwa ndani ya vikombe, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba kikombe kinamtosha. Hewa anayoivuta haiondoi amonia inayomchoma matamvua na ngozi, wala haimpi joto. Beta anahitaji maji ya nyuzi 24 hadi 28, chujio lenye mkondo mdogo kwa kuwa mapezi yake marefu humchosha dhidi ya maji yanayokwenda kasi, na kifuniko, kwa sababu huruka na kwa sababu hewa anayoivuta inapaswa kuwa na joto karibu sawa na la maji. Nyumba yenye joto la kudumu katika kiwango hicho haihitaji hita; nyingine zote zinaihitaji, na hita yenyewe iwe na kidhibiti cha joto.

Ningekuwa namchagulia anayeanza, ningemchukua dume mwenye mapezi mafupi, wa aina ile inayoitwa plakati. Wenye mapezi marefu kama mashela ndio wanaovutia macho dukani, lakini mapezi hayo hukwama kwenye mimea ya plastiki, huchanika, hushambuliwa na ugonjwa wa kuoza, na wakati mwingine samaki mwenyewe huyatafuna. Mwenye mapezi mafupi ni mwepesi, huchunguza kila pembe ya tangi, na hukujua upesi kuwa wewe ndiye mlishaji. Mimea ya majini yenye majani mapana karibu na uso wa maji humpa mahali pa kupumzikia, na dume akiridhika hujenga kiota cha mapovu juu ya maji hata bila jike. Jike asiongezwe kwa sababu ya kiota hicho: nje ya siku za kutaga, dume humfukuza na kumjeruhi, na katika lita 20 hana pa kukimbilia. Madume wawili hupigana, kama ajuavyo kila mtu, na majike kadhaa pamoja, ingawa wapo wanaowafuga hivyo katika matangi makubwa, huishia kuoneana katika tangi dogo.

Ulishaji wake ni mwepesi, mradi ikumbukwe kwamba ni mlaji wa wadudu na viluwiluwi, hivyo chakula chake kiwe na protini ya wanyama kwa wingi. Chembechembe chache asubuhi na chache jioni zinamtosha. Kwa kawaida huishi miaka 2 hadi 4, na kwa kuwa dume huuzwa akiwa tayari amekomaa, sehemu ya umri huo huwa imekwisha kabla hujamleta nyumbani.

Wapo wasiotaka samaki mmoja. Wanataka mwendo, na hilo si ombi baya ikiwa maji halisi yanafika lita 25 au 30. Hapa wa kwanza kutajwa huwa gapi, Poecilia reticulata, mwenye asili ya kaskazini mwa Amerika ya Kusini na visiwa vya jirani, ambaye jina lake linatokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka vielelezo kutoka Trinidad hadi London katika miaka ya 1860. Ni samaki mstahimilivu na mchangamfu, na tatizo lake moja ni uzazi. Jike hataga, huzaa vifaranga walio hai takriban kila baada ya wiki nne, mara nyingi 20 hadi 40 kwa mkupuo, na huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi mingi, kiasi kwamba jike mmoja aliyenunuliwa peke yake kutoka tangi la mchanganyiko ataendelea kuzaa bila dume kuonekana. Watu huniambia kwamba wakubwa watawameza wadogo. Huwala wengine, si wote, na baada ya miezi mitatu waliosalia wanazaa pia. Kuwamwaga mtoni au bwawani si njia ya kujitoa katika msongamano huo, kwa kuwa gapi amekwisha kuwa mgeni msumbufu katika maji ya nchi nyingi za joto, akiwasonga samaki wa asili.

Kwa hiyo katika tangi dogo ninapendekeza madume watupu, watano au sita katika lita 30. Dume hutambulika kwa urahisi: ni mdogo zaidi, ana rangi nyingi, na pezi lake la chini nyuma ya tumbo ni jembamba na limechongoka, ilhali la jike limepanuka. Mara mojamoja madume husumbuana, lakini bila jike wa kugombewa mara nyingi ugomvi huishia kwenye maonyesho. Ndugu yake mdogo, Poecilia wingei kutoka Venezuela, aliyeelezwa kisayansi kuwa spishi ya pekee mwaka 2005, ananivutia zaidi. Dume wake hafiki sentimita 3, rangi zake ni kali, na anafaa zaidi katika udogo huu. Wote wawili hupenda maji magumu kiasi, yenye madini.

Ugumu wa maji ndio jambo ambalo anayeanza hulipuuza kuliko yote, ilhali ni rahisi kulichunguza. Birika linalojenga ukoko mweupe ndani linaonyesha kwamba maji ya bomba ni magumu, na mwenye maji hayo asihangaike na samaki wa maji laini yenye asidi, maana kuyabadilisha maji kila wiki kwa dawa katika tangi dogo huyayumbisha, na kuyumba huko humdhuru samaki kuliko kiwango chenyewe. Achague samaki wa maji aliyo nayo. Mwenye maji laini naye ana wake, na hao ndio ninaowapenda kuliko wote.

Kuna tetra mdogo wa rangi ya kaa la moto, Hyphessobrycon amandae, kutoka bonde la mto Araguaia nchini Brazili. Urefu wake ni kama sentimita 2, kwa hiyo kundi la wanane au kumi linaweza kuishi vizuri katika lita 30 zenye mimea, na uchafu wake ni mdogo. Mmoja mmoja haonekani kuwa kitu. Wakiwa kundi juu ya changarawe nyeusi huonekana kama tangi limewashwa taa kutoka ndani. Wa pili ni Boraras brigittae wa Borneo, mwekundu mwenye mstari mweusi ubavuni, asiyezidi sana sentimita 2, anayetoka katika maji ya kinamasi yenye asidi na rangi ya majani yaliyooza. Ni mzuri, lakini hana msamaha kwa tangi changa, na mdomo wake ni mdogo mno kiasi kwamba chakula cha kawaida hakina budi kusagwa kati ya vidole. Wa tatu ni Danio margaritatus kutoka Myanmar, mwenye madoa ya lulu juu ya mwili wa buluu iliyokoza na mapezi mekundu, ambaye ulimwengu wa wafugaji ulimfahamu mwaka 2006 na akaelezwa kisayansi mwaka 2007. Huyu hahitaji maji laini. Hutulia katika maji yenye madini na joto la wastani, nyuzi 22 hadi 25 hivi. Madume wake hukaripiana, na dawa ya hilo ni mimea mingi pamoja na majike kuwa wengi kuliko madume.

Katika hao watatu, anayeanza namwelekeza kwa tetra wa Araguaia bila kusita, kwa sababu huvumilia tofauti ndogo za maji na hula karibu kila chembe inayomtosha mdomoni.

Kuhusu neoni, Paracheirodon innesi, najua kwamba wengi walikuja kusoma hapa kwa ajili yake. Anafika sentimita 3 hadi 4, anaogelea zaidi ya wale niliowataja, na huumia sana katika tangi jipya; mimi ningemsubirisha mpaka tangi la lita 60. Kosa linalotendeka zaidi kwake ni kumnunua wawili wawili. Samaki wa kundi hutegemea macho ya wenzake kujua kwamba hakuna hatari. Akiwa na mwenzake mmoja tu huishi akiwa katika tahadhari isiyoisha, rangi humfifia, hula kidogo, na magonjwa humpata kwa urahisi. Sita ndio mwanzo wa kundi, nane ni bora, na tangi lisiloweza kuwachukua sita wa aina fulani halipaswi kumchukua hata mmoja wa aina hiyo.

Wenye nyumba za baridi, ambako maji hukaa nyuzi 18 hadi 22 sehemu kubwa ya mwaka, wasilazimishe samaki wa joto. Tanichthys albonubes wa kusini mwa China ni wao. Ni mtulivu, ni mstahimilivu, na lita 40 katika tangi refu zinawatosha sita au wanane.

Nitaje pia watatu kutoka upande wetu wa Afrika, kwa kuwa huulizwa mara nyingi. Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika ni samaki wa sentimita 4 hadi 5 anayeishi na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono, na tabia yake ya kuhamisha mchanga kwa mdomo inaweza kumkalisha mtu mbele ya kioo mchana kutwa. Anataka maji magumu yenye pH (kipimo cha asidi ya maji) inayopita 8, sakafu ya mchanga, na lita 45 au zaidi, hivyo namhesabu kuwa samaki wa tangi la pili. Nothobranchius, anayezaliwa katika madimbwi ya msimu ya Afrika Mashariki na kusini mwake na kuacha mayai yanayosubiri mvua ndani ya tope lililokauka, ni mfupi wa maisha, na madume wake ni wagomvi. Rangi zake zisimdanganye anayeanza. Mbuna wa Ziwa Malawi, wanaouzwa wakiwa wadogo wa manjano na buluu, hawana nafasi kabisa katika matangi haya. Hufika sentimita 10 na zaidi, na hulinda mipaka yao kwa meno.

Tangi la chini ya lita 15 nalihesabu kuwa halina samaki anayelifaa. Wapo watakaonipinga kwa kunionyesha beta aliyeishi katika lita 8, nami sibishi kwamba inawezekana mikononi mwa mtu anayebadilisha maji kwa nidhamu ya kijeshi. Lakini anayeanza huwa bado hana nidhamu hiyo. Humo huwekwa kamba wadogo wa maji yasiyo na chumvi, Neocaridina davidi, wenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, wekundu, wa manjano au wa buluu. Hula utando wa mwani na mabaki, huchafua kidogo mno, na huzaana bila msaada, kwani watoto wao hutoka wakiwa tayari wana umbo la wazazi. Shaba ni sumu kwao hata ikiwa kidogo, kwa hiyo dawa yoyote ya samaki isomwe kwanza maelezo yake kabla ya kutiwa. Konokono wa nerita ni mwenzi mzuri wa kamba hao, na pia wa beta: husugua mwani kwenye kioo, na mayai yake hayaanguliwi katika maji yasiyo na chumvi, hivyo hawajazi tangi. Kamba na beta ni bahati nasibu. Baadhi ya beta huwaacha, baadhi huwageuza chakula usiku wa kwanza.

Dukani, natazama tangi zima kabla ya kumtazama samaki niliyemjia. Samaki mmoja aliyekufa ndani yake, au mmoja mwenye madoa meupe kama chembe za chumvi, hunitosha kuondoka, kwa kuwa wote wameshiriki maji yale yale na vimelea vyake. Mapezi yaliyobanwa mwilini, tumbo lililobonyea, na kuhema juu ya maji kwa samaki ambao si wa jamii ya beta ni dalili za kuacha. Namwomba muuzaji awalishe mbele yangu, na asiyekula simchukui hata akiwa mzuri kuliko wote. Nyumbani, mfuko huelea juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha maji ya tangi huongezwa mfukoni kidogo kidogo, na samaki huhamishwa kwa wavu bila maji ya dukani kumwagwa ndani. Maji ya bomba yanayotumika kila wiki kubadilisha robo ya tangi yaondolewe klorini kwa dawa yake. Kuyaacha wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, lakini kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hubaki.

Beta huingia peke yake mara moja, basi. Kundi la tetra wanane huligawa, watano kwanza ili wasiwe wachache mno, na watatu baada ya wiki mbili, huku nikipima amonia na nitriti kila baada ya siku moja au mbili. Kipimo chochote kikipanda juu ya sifuri, nabadilisha maji, napunguza chakula, na wale watatu hubaki dukani mpaka kirudi.